Mfalme asiyekosa shabaha

Najua nimepotea. Niliahidi kuendelea kuandika nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, lakini wale mliokwenda TP mnajua hali ilivyo: asubuhi vipindi, mchana kusahihisha madaftari, usiku andalio la somo kwa mwanga wa simu. Sasa nimerudi chuoni na leo silalamikii chakula wala foleni ya maktaba. Nataka kuwasimulia swali moja la mtoto wa kidato cha kwanza lililonishinda mbele ya darasa zima, na jibu ambalo nimelitafuta kwa wiki mbili.

Mada ilikuwa vyanzo vya historia. Nikaona nikiingia na mawe na mifupa kama kawaida watoto watasinzia, kwa hiyo nikaprinti picha ya kitu cha kung'aa. Ni sahani ya fedha ya Waajemi wa kale, iliyopakwa dhahabu, ipo kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York tangu mwaka 1934. Upana wake ni karibu sentimita 22, yaani sahani ya kawaida tu ya kulia wali. Katikati yupo mfalme juu ya farasi anayekimbia, amevaa taji, amevuta upinde mpaka mwisho. Mbele yake kondoo dume wa mwituni wanatimua mbio na mapembe yao makubwa.

Nikauliza darasa: sahani hii inatuambia nini? Mmoja akasema mfalme alikuwa hodari. Nikaandika ubaoni. Mwingine akasema walikuwa na farasi. Nikaandika. Mwingine akasema walipenda supu ya kondoo, darasa likacheka, nikaandika hivyo hivyo. Ndipo kijana mmoja wa nyuma, ambaye siku zote nilidhani hasikilizi, akauliza: "Kwani mwalimu, huyo mfalme alikuwa hakosi?"

Nikamwambia swali zuri, tutaliangalia kipindi kijacho. Walimu wenzangu watarajiwa mnaelewa maana ya jibu hilo. Kipindi kijacho hatukuliangalia. Lakini swali halikunitoka kichwani, maana kijana aliona kitu ambacho mimi niliyesoma historia miaka yote hii sikukiona. Nilikuwa naandika ubaoni kila kilichosemwa na sahani kana kwamba sahani haina sababu ya kudanganya.

Basi nikaingia maktaba. Haya ndiyo niliyoyapata.

Sahani ile ilitengenezwa enzi za Wasasani, ukoo uliotawala Uajemi kuanzia mwaka 224 hadi 651 baada ya Kristo. Dola lao lilikuwa kubwa, likipakana na Warumi upande wa magharibi na kufika Asia ya Kati upande wa mashariki. Mwanzilishi ni Ardashir wa Kwanza, na wa mwisho ni Yazdgerd wa Tatu, aliyeuawa karibu na mji wa Merv wakati majeshi ya Waarabu Waislamu yalipokuwa yameshaichukua nchi.

Wafalme hawa walikuwa na utaratibu mmoja unaowasaidia sana wanahistoria. Kila mfalme alijitengenezea taji la aina yake, na taji hilo likapigwa kwenye sarafu pamoja na jina lake. Kwa hiyo ukikuta mfalme kwenye sahani hana jina, unachukua sarafu, unalinganisha taji. Ni kama kumtambua mtu kwa jezi. Kwa njia hiyo wataalamu wamesema mfalme wa sahani ya New York ni ama Peroz, aliyetawala mwaka 459 hadi 484, ama mtoto wake Kavad wa Kwanza, aliyeanza kutawala mwaka 488. Hawajakubaliana moja kwa moja, na kwa kweli kwa swali la yule kijana hata wasikubaliane sawa tu, kwa sababu maisha ya baba na mtoto yamefungwa kwenye kisa kimoja.

Sikilizeni kisa chenyewe.

Peroz alipata kiti cha enzi kwa kumpindua kaka yake Hormizd, akisaidiwa na Waheftali, watu wa mashariki waliokuwa na jeshi kali la farasi. Baadaye akagombana na hao hao waliomweka madarakani. Kwenye utawala wake kukawa na ukame wa miaka mingi, watu wakashika njaa. Akaenda vitani dhidi ya Waheftali, akashindwa, akatekwa. Ili aachiwe aliahidi kutoa fidia ya mizigo 30 ya sarafu za fedha, iliyobebwa na baghala, yule chotara wa punda na farasi. Mizigo 30! Akarudi kuchangisha, akapata 20 tu. Kwa ile 10 iliyobaki akamwacha mtoto wake Kavad rehani kwa maadui mpaka deni liishe.

Yaani mfalme yule wa mshale usiokosa alimweka mtoto wake dhamana kama mtu anavyoweka redio dukani.

Mtoto akakombolewa baadaye. Lakini Peroz hakutulia. Mwaka 484 akakusanya jeshi tena akaenda kule kule mashariki. Waheftali walikuwa wamechimba handaki refu na kulifunika. Wapanda farasi wa Uajemi wakaja mbio wakatumbukia, na mfalme mwenyewe akafia huko pamoja na wengi wa watoto wake. Balash aliyemfuata alikuta hazina imekauka. Kwa miaka mingi Uajemi ikawa inawalipa Waheftali, na ushahidi wake unashikika mkononi: sarafu za Peroz zimeokotwa kwa wingi kwenye maeneo ya Waheftali, tena Waheftali wenyewe wakazipenda kiasi cha kupiga za kwao za kuiga. Nyingine zimefika mpaka China.

Sasa turudi kwenye sahani. Farasi anaruka, taji limekaa sawa, nguo hazina hata vumbi, kondoo wanakufa. Nyie mngesema mtu huyu alizikwa na madeni?

Mwanzoni nilikasirika kidogo, nikaona sahani ni uongo mtupu. Halafu nikajiuliza, kazi ya sahani ilikuwa nini? Haikutengenezwa ili mimi nifundishie kidato cha kwanza. Wataalamu Prudence Harper na Pieter Meyers walitoa kitabu mwaka 1981 kuhusu vyombo hivi vya fedha. Meyers alipima madini ndani ya fedha yenyewe, na ikaonekana zile sahani zenye mfalme kamili mwindaji zinakaribiana kwa fedha na kwa ufundi, dalili kwamba zilitoka kwenye karakana zilizosimamiwa na ufalme. Si kila sonara wa mtaani aliruhusiwa kumchora mfalme. Naye Procopius, mwandishi wa upande wa Warumi wa karne ya 6, anaeleza kwamba kwa Waajemi mtu hakuruhusiwa kuvaa pete, mkanda wala kifungo cha dhahabu mpaka apewe na mfalme. Kwa hiyo wengi wanaamini sahani hizi zilikuwa zawadi. Mfalme anakupa wewe jemadari, au mtawala wa jimbo la mbali, au mjumbe wa nchi jirani. Unaiweka nyumbani, wageni wakija wanaiona. Ni kama ile picha ya kiongozi inayotundikwa ukutani ofisini, tofauti ni kwamba hii unaweza kuiyeyusha ukaila.

Na hapo Kiswahili chetu kinasaidia kuelewa kuliko lugha nyingi. Sisi tunaita fedha ile metali, na tunaita fedha pesa. Sahani hizi zilikuwa fedha kwa maana zote mbili. Nyingine zina maandishi ya vidotovidoto chini, yakitaja jina la mwenye mali na uzito wake kwa kipimo cha sarafu. Sarafu moja ya Wasasani ilikuwa na kama gramu 4. Mwenye sahani alijua kabisa kabatini ana sarafu ngapi zilizolala.

Lakini kuna watu wengine ndani ya sahani ambao darasa langu halikuwataja kabisa, na mimi sikuwataja. Mafundi.

Hebu fikirini kazi yenyewe. Fedha ilichanganywa na shaba kidogo ili iwe ngumu, ikafuliwa kwa nyundo mpaka ikawa sahani. Kisha sehemu zinazotakiwa kutokeza, kama mwili wa mfalme au kichwa cha mnyama, zilitengenezwa kama vipande vya peke yake. Fundi akachukua tindo, akainua ukingo mwembamba kutoka kwenye fedha ya sahani yenyewe kuzunguka umbo lile, akapachika kipande, halafu akakandamiza ule ukingo ukishike. Kipande hakianguki. Ukiangalia kwa mbele unadhani yote ni kipande kimoja. Baada ya hapo akachora nywele, manyoya na mikunjo ya nguo, na sehemu nyingine akazijaza unga mweusi wa fedha na salfa ulioyeyushwa ili mistari ionekane.

Halafu dhahabu. Hapa ndipo niliposimama kusoma. Fundi alichukua dhahabu akaichanganya na zebaki mpaka ikawa laini kama siagi. Akaipaka pale tu panapotakiwa, si sahani nzima, kisha akaiweka kwenye moto. Zebaki ikapaa na moshi, dhahabu ikabaki imeng'ang'ania. Wale wenzangu mliotoka Geita au Chunya nadhani mmeshaelewa. Wachimbaji wetu wadogo wanatumia njia hiyo hiyo: zebaki inakamata dhahabu, wanachoma, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Na moshi ule ni sumu. Unaharibu fahamu, mikono inatetemeka, figo zinaumia. Hata neno zebaki limetufikia kwa Kiarabu, na Waarabu walilipata kutoka lugha ya kale ya Uajemi. Neno limesafiri, ufundi upo, na sumu haijapungua.

Kwa hiyo ule mng'aro kwenye taji la mfalme kuna mtu aliuvuta kifuani mwake. Jina la mfalme tunalibishania kwa kulinganisha mataji. Jina la aliyevuta moshi halipo popote kwenye sahani ile.

Kabla hamjasema nachukia wafalme, ngoja niwape sahani nyingine, ambayo inafanya kazi tofauti. Hii pia ipo New York, na makumbusho ya Hermitage kule St Petersburg wanayo ya kisa hicho hicho. Inaonyesha mwindaji juu ya ngamia, nyuma yake amekaa binti mdogo kwa umbo. Ni kisa cha Bahram Gur, yaani mfalme Bahram wa Tano aliyetawala mwaka 420 hadi 438, na Azadeh, binti mpiga kinubi. Binti alimpa mtihani mwindaji: wageuze paa hawa, dume awe jike na jike awe dume. Akampiga dume pembe zote zikakatika, akawa kama jike. Akampiga jike mishale miwili kichwani, ikasimama kama pembe. Kwenye masimulizi ya Firdausi, aliyemaliza kitabu chake cha wafalme karibu mwaka 1010, binti aliwahurumia wanyama na kumlaumu mwindaji, naye akakasirika akamwangusha chini na kumkanyaga kwa ngamia.

Kwa mwanafunzi wa historia utamu upo kwenye miaka. Sahani ya New York inakadiriwa kuwa ya karne ya 5. Firdausi aliandika karne tano baadaye. Maana yake kisa kilikuwa kinasimuliwa, kikachorwa, kikaliwa juu yake chakula, muda mrefu kabla ya kitabu tulichonacho. Tumezoea kupanga vyanzo, maandishi juu, masimulizi chini, picha pembeni kama pambo. Hapa picha ndiyo inayothibitisha kwamba masimulizi yalikuwepo.

Nikaanza kuona kwamba swali la kuuliza sahani si moja. Inachokisema kwa kukusudia, yaani mfalme hodari, ndicho cha kutilia shaka zaidi. Ila inasema mengine bila kukusudia: fedha imetoka wapi, imefuliwaje, imeokotwa wapi. Hayo hakuna mfalme aliyekaa kuyapanga.

Chukua hilo la mwisho, imeokotwa wapi. Nilidhani sahani za Uajemi zinachimbwa Uajemi. Kumbe nyingi tunazozijua vizuri zimetoka Urusi, kwenye misitu ya Perm na Vyatka karibu na milima ya Ural, maelfu ya kilomita kaskazini. Hermitage wana mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani kwa sababu hiyo. Zilifikaje? Manyoya. Watu wa misitu ile walikuwa na ngozi za wanyama wa baridi zilizotakiwa sana kusini, na wafanyabiashara wa Asia ya Kati wakawapelekea vyombo vya fedha. Wenyeji hawakuvilia chakula. Wakavitoboa matundu ya kutundikia, wakaviweka sehemu zao za ibada, na nyingine wakazichora juu kwa ncha ya kisu, watu wao wenyewe, wanyama wao, samaki wao, papo hapo pembeni ya mfalme. Mfalme wa Uajemi alituma sura yake duniani ili aogopwe, ikaishia kutundikwa msituni kwa watu wasiojua jina lake.

Sasa ulinganishe na China. Mwaka 1981 kwenye mji wa Datong, mkoa wa Shanxi, lilifukuliwa kaburi la ofisa mmoja anayeitwa Feng Hetu. Ndani palikuwa na sahani ya fedha iliyopakwa dhahabu, mwindaji na nguruwe mwitu, kazi ya upande wa Uajemi. Kaburi lina maandishi, tunajua alizikwa mwaka 504. Basi sahani ile ni ya kabla ya 504, hapo hakuna ubishi. Miaka miwili baadaye, huko Guyuan, kwenye kaburi la jemadari Li Xian aliyefariki mwaka 569, likatoka birika la fedha lenye dhahabu na picha za visa vya Wagiriki. Visa vya Ugiriki, mkono wa Uajemi au jirani zake, kaburi la China. Vitu viwili tu, lakini kwa sababu walifukua kwa utaratibu na kuandika kila kitu, vinatuambia tarehe, njia ya biashara na aina ya watu waliovipenda.

Sahani yangu ya New York je? Ilinunuliwa. Inasemekana ilitoka Qazvin, na neno lenyewe ni "inasemekana". Aliyeichimba hakuandika ilikuwa kaburini, kwenye nyumba au ndani ya mtungi uliofichwa wakati wa vita. Kama ilifichwa mwaka ule wa 484 wakati nchi inatetemeka hatutajua kamwe, na huo ndio ushahidi ambao ungeweza kumjibu kijana wangu vizuri kuliko mimi. Ulipotea siku jembe lilipogonga fedha na mtu akawaza bei.

Na soko likishakuwa na njaa, wanakuja waghushi. Mwaka 2013 Marekani ilirudisha Iran chombo cha fedha cha kunywea chenye umbo la mnyama wa hadithi mwenye mabawa, wakasema ni cha miaka karibu 2,700. Kilirudishwa kwa heshima, mambo ya diplomasia. Lakini Oscar White Muscarella, mtaalamu aliyetumia maisha yake kufichua vitu bandia vya eneo hilo, akasema hicho nacho ni cha kughushi. Bila mahali pa kuchimbwa panapojulikana, watu wanabaki kubishana kwa macho.

Ndiyo maana nimeanza kuviheshimu vile vigae ambavyo tulikuwa tunavicheka kwenye semina. Mnakumbuka, vipande vya mitungi ya rangi ya bluu-kijani kutoka pande za Ghuba, vilivyochimbwa Unguja Ukuu, Shanga na Manda? Havina mfalme wala dhahabu, na ukiviuza hupati hata nauli ya daladala. Lakini kila kimoja kimeandikwa tabaka lake na vilivyokuwa jirani yake, na kwa vigae hivyo tunajua watu wa pwani yetu walikuwa wanafanya biashara na Ghuba ya Uajemi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Sasa nimejipanga. Nikipangiwa shule na kufika tena kwenye mada ile, picha nitaprinti ile ile. Watoto wataniambia mfalme alikuwa hodari, nitaandika ubaoni, lakini mbele yake nitaandika: nani anasema? Halafu nitawauliza nani alifua, nani alilipwa, iliokotwa wapi, nani alikuwepo. Supu ya kondoo nayo tutaijadili.

Na wewe kijana wa dawati la nyuma, samahani kwa kukuambia tungeangalia kipindi kijacho. Jibu ni ndiyo, alikosa. Alikosa vibaya sana mwaka 484, na mtoto wake alikuwa ameshalipia makosa ya kabla ya hapo. Fundi wa sahani hakuruhusiwa kuchora hilo.

Haya wadau, kesho nina jaribio la saikolojia ya elimu na desa sijalishika. Niombeeni. Tutaonana nikipona.